Katoni za Karatasi na Tumbo la Miezi Saba

Mwenzangu, natetemeka kwa hasira!

Msimamizi wa stoo kaniambia nipandishe katoni za karatasi ghorofa ya pili. Mimi! Na tumbo hili la miezi saba!

Nikamwambia mkunga kanikataza kubeba vizito. Akanijibu mbele ya watu wote, "Mimba si ugonjwa." Eti mimba si ugonjwa!

Nikanyanyua moja, mjinga mimi. Kufika ngazini tumbo likakaza, likawa gumu kama jiwe. Nikaiachia palepale.

Mama mfagiaji ndiye aliyenikalisha. Kisha akamgeukia yule bwana: "Haya, zibebe wewe, usiye na mimba wala ugonjwa."

Kazibeba zote!

Nimetoka kliniki sasa hivi. Mtoto mzima, anarusha mateke. Mkunga kaniandikia barua: marufuku kubeba vizito. Kesho naibandika mlangoni kwa msimamizi mwenyewe.