Panglima Hafungi Ramadhani

Jumapili, 10 Machi

Zabedah kapiga simu tena. Eti Baba, mpeleke kwa dokta akalazwe usingizi wa milele, paka wa kisukari wa nini, na macho yako yenyewe hayaoni. Hayaoni! Macho haya yalimwona mamba chini ya ngazi kabla mamba hajajiona mwenyewe. Nikambana kwa mlango wa choo, mji mzima wa Kuching unajua! Nikamwambia binti yangu: paka wangu Panglima hafi, mimi sifi, mwaka huu hatuna nafasi.

Sindano ya insulini asubuhi, sindano jioni. Dokta Ling kanikaririsha kama mtoto wa madrasa: hajala, usichome. Nikamwambia hako kasindano nakachoma nimefumba macho. Kasema, "Fumbua, Mzee."

Jumanne, 12 Machi

Ramadhani imeingia. Nimehamisha sindano — moja na daku, moja na futari. Mimi na Panglima tunakula pamoja. Akili hiyo!

Mama Dayang wa jirani kaingiza kichwa dirishani: "Pak Bujang, na paka naye kafunga?" Nikamjibu kafunga kuliko mumeo. Kacheka mpaka kashika ukuta.

Jumatano, 13 Machi

Leo nusura!

Wakati wa daku Panglima alinusa samaki, akamega kidogo, akanipa mgongo. Mimi usingizi. Nikasema si kala? Nikachoma. Sahani nikaifunika, nikaswali, tukalala.

Jua limepanda naamka, namkuta barazani. Anainuka, miguu ya nyuma inamkataa, anakaa. Mama Dayang anapita: "Muone mwenzako, saumu imemshika!" Tukacheka wote. Ramadhani mchana mtaa mzima ndivyo ulivyo, watu wamelegea kama nguo mbichi kambani. Nikamtania: kaza, mwanaume, magharibi bado.

Hakugeuza hata sikio.

Nikainama. Macho wazi, meusi tii, hayanioni. Shingo inatetemeka. Saumu gani! Sukari imeshuka. Sindano yangu hiyo!

Asali hakuna. Kuna chupa ya sharubati nzito ya waridi, ya kuzimua kwa maji futarini. Nikachovya kidole, nikampaka kwenye ufizi. Taratibu, asije akapaliwa. Tena. Mama Dayang kaona wekundu mdomoni, kadhani damu, mayowe! Nikamwambia acha kulia, mpigie dokta! Nikapaka tena. Tena. Panglima, usinitanie, utani ni kazi yangu.

Mara — kaning'ata! Mpaka mfupani! Tangu nizaliwe sijafurahi hivyo kung'atwa. Nikatia kidole mdomoni kunyonya damu. Tamu! Nikalamba tena. Mama Dayang kashika kichwa: saumu yako, Pak Bujang! Kisha kanionea huruma, umesahau, mwenye kusahau kasamehewa. Nani kasahau? Ule mlambo wa pili niliutaka mwenyewe. Nitailipa siku hiyo. Panglima kamaliza samaki wote, tena kalamba sahani.

Dokta Ling kaja, kamshika, kampima, kaniangalia. "Mzee, nani kakwambia paka anafunga?" Mimi! Kasema usiku huu asichomwe. Kuanzia kesho nusu ya dozi, saa zake za zamani, ale kweli nikiona kwa macho. Na kabla ya sindano nimtoboe sikio, nipime sukari kwa kimashine alichonipa. Kimashine kikisema chini ya tano, nisichome. Nipige simu.

Ijumaa, 15 Machi

Mdomo wa Mama Dayang hauna komeo. Jioni hii Zabedah katokea na kikapu cha kubebea paka. Kakiweka mlangoni, kakifungua.

"Nampeleka, Baba. Utamuua kwa mkono wako."

Hilo liliniingia. Lakini nikasimama: humu hatoki mtu!

"Basi mchome nikiona. Mkono ukitetemeka, tunaondoka naye."

Mkono wangu! Uliombana mamba! Nikampa Panglima chakula, kakila. Nikapima sikio. Nne. Nikafuta kimashine, nikapima tena. Nne.

Nikarudisha dawa kwenye friji.

"Nilijua," Zabedah kasema. "Unaogopa."

"Naogopa, ndiyo. Leo hachomwi. Hata uje na polisi."

"Baba, usinizungushe."

"Mpigie dokta mwenyewe. Mwambie nne. Mwambie baba yangu kagoma."

Yuko sebuleni na simu. Mimi niko jikoni naandika, mkono sasa ndio unatetemeka, shetani huyu — kalamu inaruka. Namsikia. "Nne, Dokta." Kisha: "Ndiyo, kapima mara mbili." Kiti kinalia, kakaa. "Hapana, sikujua." Sauti imeshuka, sisikii tena.

Nachungulia mlangoni. Panglima kaingia kwenye kikapu mwenyewe, kajikunja, anakoroma. Msaliti! Toka humo, wewe, kabla hajakata simu —