Neno la Baba Juu ya Nota

Mtaa wa Baross,
Budapest.
9 Februari 1974.

Mpendwa kaka Miklós,

U hali gani huko Winnipeg? Na wifi yangu Heather, mnaiwezaje baridi ya huko? Mimi na shangazi Etelka tu wazima wa mwili. Moyoni, tunasema hatujambo kwa mazoea tu.

Telegramu umeshaipata, kwa hiyo unajua kwamba baba hatunaye. Sitakuficha jinsi alivyoondoka, maana na wewe yanakuhusu.

Tangu Krismasi hakuweza kuketi. Alikuwa na ombi moja tu: ausikie ule wimbo wake wa viola peke yake, aliouandika mama alipofariki wakati wa vita, upigwe alivyoukusudia kabla hajafumba macho. Nikaona kazi rahisi. Nikamwekea santuri yako, ile uliyoupiga wewe wimbo huo. Nisamehe kaka, lakini kukudanganya siwezi. Alisikiliza kidogo akasema, "Zima. Mtoto huyo ananitia sukari kwenye kidonda."

Basi nikachukua viola yangu, nikaiweka begani na upinde mkononi. Si unajua juu ya mstari wa kwanza wa nota ameandika simán? Sote tuliofundishwa hapa tumelichukua neno hilo kuwa "kwa ulaini": upinde uteleze, kidole kitikisike, sauti iwe tamu. Nikapiga hivyo, machozi yananitoka. Baba akageukia ukutani. "We binti, unapaka siagi! Mkate wenyewe uko wapi?"

Nilikasirika, nikaenda jikoni kugongagonga masufuria. Shangazi akanifuata.

"Mjinga wee! Simán ni laini, na simán ni tupu vilevile, bila pambo. Mama yenu alipokata roho, baba yenu hakulia. Alikaa tu. Ndicho alichokiandika. Wewe na Miklós mnamlilia machozi asiyoyatoa mwenyewe."

Lo! Miaka yote hiyo, kaka, tumekuwa tukiupamba msiba wa mtu, na watu wanatupigia makofi.

Kesho yake asubuhi nikapiga tena. Kidole nikakituliza tuli, upinde nikauvuta bila kuubembeleza. Sauti tupu haina pa kujificha, kila kosa linasikika. Sikuthubutu kumtazama baba, maana ningelia. Nikakaza macho kwenye nyuzi mpaka mwisho.

Nilipoinua uso, shangazi alikuwa ameshamfumba macho. Anasema hakunikatiza kwa sababu hatimaye nilikuwa napiga sawasawa. Alisikia hadi wapi, kaka, mimi sijui, na shangazi naye hajui.

Mazishi ni Jumanne. Tunajua serikali ya hapa haitakupa ruhusa ya kuingia nchini, usijilaumu.

Msalimie sana wifi, na umbusu mwanao Peti kwa niaba yangu. Shangazi Etelka anakukumbatia. Mungu akujalie subira, hata ile iliyotushinda sisi.

Ni mimi dada yako nikupendaye,
Emőke