Betri ya sola na boksi ya Poni

Annet, usimnunulie mwanao Lako ile boksi ya elektroniki ya soko la Konyo Konyo. Nimelia.

Ile ya kufundisha mtoto vile kompyuta inafikiri: taa inawaka swichi zote mbili zikikubali. Lakini betri haimo!

Poni wangu alikuwa anasoma karatasi ya maelekezo ya boksi. "Mama, ngoja nimalize." Nikamwambia, "Unasoma nini? Betri ni betri!" Nikaunganisha na ile kubwa ya sola.

Annet, moshi! Vidude vyote vimeungua. Karatasi ilisema volti tano, ya sola ni kumi na mbili.

Alisema ngoja. Alisema!

Hakulia hata. Amevirudisha kwa boksi kimoja kimoja, akaniambia polepole, "Ningekusomea, mama."

Wewe tafuta yenye betri yake. Na Lako akisema ngoja, tafadhali ngoja.