Kifo cha Kifuniko cha Munkoyo

Jumanne, mwezi wa tisa. Kolwezi nimeiacha na vumbi lake, Kinshasa nimeikuta na jasho lake.

Ninawatangazia ndugu, jamaa na marafiki wa Dilala, wa Musonoi na wa popote habari hii itakapofika, kwamba kifuniko cha chupa yangu, cha plastiki, rangi ya buluu, kimefariki leo asubuhi katika uwanja wa ndege wa Kolwezi kikiwa kazini. Mazishi yalifanyika palepale, ndani ya pipa la takataka, chini ya ulinzi wa askari mwenye bunduki.

Ngoja nieleze taratibu.

Yaya Madeleine, dada yangu mkubwa, alipasuliwa tumbo hapa Kinshasa. Tangu arudi nyumbani hali chakula mpaka asukumwe, na kitandani hatoki mpaka ashikwe. Binti yake aliniambia kwa simu kwamba daktari amekwisha kusema: kidonda kimepona, sasa imebaki mama mwenyewe kutaka. Nikaomba nipewe yaya, nikamwuliza anataka nini. Akasema anataka munkoyo. Ule wa mama.

Mama alitutoka zamani. Kwa hiyo nilipika mimi.

Kwa asiyejua: munkoyo ni uji wa mahindi uliopoa, ukatiwa mizizi iliyopondwa, ukalala usiku, ukaamka ukiwa mwembamba na wenye tabia yake. Mizizi niliinunua kwa mama mmoja wa Musonoi anayewauzia wachimbaji. Utotoni nilikuwa namshikia mama kichujio, na kwa ujinga wangu niliamini kwamba aliyeshika kichujio anajua kupika. Ni kama mtu aliyewahi kufungua mlango wa ndege akajiita rubani.

Mama alikuwa anaziba chupa kwa gunzi la mahindi. Munkoyo unapumua, alisema, ukiuziba pua utakupiga.

Lakini mimi ni msomaji. Nimejifunza kusoma kwa magazeti ya kufungia makayabo, wale samaki wa chumvi, na tangu hapo kila kilichoandikwa nakiamini. Mlangoni pa ofisi ya tiketi wamebandika tangazo: kinywaji chochote kifungwe barabara. Nikafunga barabara. Jirani yangu, fundi wa magari, akamalizia kukaza kwa koleo lake. Halafu nikapanda taxi-moto, pikipiki ya abiria, toka Dilala nimeikumbatia chupa, na ile barabara, wenye kuipita wanaijua. Kila shimo lilikuwa linaukoroga munkoyo upya.

Uwanja wa ndege siku hizi una woga. Vita viko mbali, upande wa mashariki, lakini habari zake zinakuja na simu kila asubuhi: bomu hapa, bomu pale, nusu kweli, nusu watu wa kukosa kazi. Basi askari wameongezwa. Unavua viatu, unavua mshipi, unashika suruali kwa mkono mmoja na heshima yako kwa mkono mwingine. Tata mmoja, mzee wa suti nzuri, mbele yangu alionekana na soksi yenye tundu la kidole gumba, akaanza kusimama kwa mguu mmoja kama korongo. Sikumcheka. Zangu zilikuwa hazina hata kisigino.

Nikiwa nimesimama pale bila viatu ndipo nilipokumbuka siku yaya alipoondoka Kolwezi kuja Kinshasa.

Siku hizo msafiri hakuwa mali ya familia peke yake, alikuwa wa mtaa mzima. Tulitoka kwenye zile nyumba za kampuni ya mgodi, baba na kofia yake ya ibada, mama na kitenge kipya, majirani nyuma wakiimba, mpaka uwanjani. Mlinzi aliuliza swali moja tu: nani anaenda, nani anabaki? Wanaobaki walikuwa wengi mno, akatuacha wote tupite. Tulimsindikiza yaya mpaka kwenye ngazi ya ndege. Mama akamwekea chupa ya munkoyo mapajani, yenye gunzi lake, na rubani mwenyewe akapita, akaiona, akasalimia. Halafu tukarudi nyuma ya waya. Mama aliinua mkono, na hakuushusha mpaka ndege ikawa ndogo kama nzi. Baba alimwambia atosheke, mtoto haoni tena. Hakushusha.

Sasa nirudi kwenye kifo.

Chupa yangu ilipita kwenye mashine, na yule kijana wa mashine akasimamisha mkanda. Akairudisha nyuma. Akaita mwenzake. Nilipoiona na mimi nikashtuka: ubavu umevimba, kitako kimetoka nje, imesimama yumba-yumba kama mlevi mlangoni pa kanisa. Askari akaniuliza kuna nini ndani. Hakuwa mtu wa kwetu, na nilipotaja munkoyo alishika bunduki vizuri zaidi. Akaweka kidole kwenye kifuniko.

Nilitaka kumwambia asifungue. Lakini fikiria mwenyewe: mtu bila viatu, katika siku kama hizi, anamwambia askari usifungue.

Akafungua.

Mlio ule nadhani ulisikika mpaka Musonoi, wakadhani kampuni inapasua mwamba. Kifuniko kiligonga dari, kikarudi, kikagonga meza, kikapasuka. Tata wa suti alikuwa tayari chini, na soksi yake inatutazama wote. Mchimbaji mmoja wa buti za njano aliingia chini ya benchi pamoja na mzigo wake. Askari alikuwa amelowa usoni. Mimi peke yangu nilikuwa nimesimama, si kwa ushujaa. Miguu ilikataa kunipeleka chini.

Chini ya benchi ndipo sauti ya kwanza ilipotoka, taratibu, ya yule mchimbaji:

"Ah. Ni munkoyo."

Wale wa kwetu wakaanza kucheka wangali wamelala. Askari hakucheka. Alisema chupa inamwagwa, na mimi naandikwa, na ndege nitaiona kesho au sitaiona. Moyoni nikamwona yaya Madeleine amegeuza uso ukutani. Sijui nilisema nini. Nadhani nilisema mgonjwa, mara nyingi mno.

Akaja mkubwa wao, mama mmoja mnene wa glovu nyeupe. Akanusa chupa. Akanipima kwa macho toka kichwani mpaka kwenye soksi.

"Nani alikufundishaka kufunga munkoyo nguvu hivi, tata?"

"Ni tangazo, mama."

"Tangazo haikunywake munkoyo hata siku moja." Akamimina kidogo kwenye kikombe cha chai yake, akanipa. "Kunywa kwanza, tuone."

Hayo ni maneno ya mama yangu. Kwetu mwenye kutoa kinywaji ndiye anayeanza kukinywa, mgeni aone hakuna sumu, na mama alikuwa hatuachi tusahau. Tukipeleka chupa kwa jirani, kunywa kwanza. Hata padri alipokuja, kunywa kwanza. Sasa serikali nayo.

Nikanywa. Mdomo wenye woga hauonji kitu. Ilikuwa kama kunywa maji ya kuoshea mikono. Yule mama akasubiri kuona kama nitaanguka. Sikuanguka. Akaonja na yeye. Akanitazama tena, safari hii kwa huruma kubwa, nikasema moyoni kumbe watu wa usalama nao wana moyo, anamhurumia mgonjwa.

Akamwambia askari aniache nipite. Kifuniko hakikuwepo tena, basi akavua glovu moja, akaivika kwenye mdomo wa chupa, akaifunga kwa mpira wa nywele zake.

Ndani ya ndege nilishika chupa mapajani kwa mikono miwili. Munkoyo ukaendelea kupumua. Polepole glovu ikajaa, kidole kimoja, halafu kingine, mpaka mkono mzima ukasimama, mweupe, umefunguka, ukitikisika kidogo na ndege. Jirani yangu wa kiti akageuza uso dirishani. Mimi sikuushusha ule mkono. Niliutazama mpaka Kinshasa.

Yaya nilimkuta amelala kama nilivyoambiwa, amekonda, macho ukutani. Aliuona ule mkono kabla hajaniona mimi. Ikabidi nisimulie. Nilipofika kwenye soksi ya tata wa suti alikuwa ameshika tumbo kwa kicheko, ananiomba ninyamaze, kidonda kinavuta. Nikamimina glasi, nikampa. Akaikataa kwa kiganja.

"Kunywa kwanza."

Nikanywa, na safari hii sikuwa na woga. Ndipo nilipoelewa ile huruma ya mama wa glovu.

Yaya akaonja. Akaiweka glasi chini.

"Sukari iko wapi?"

Mama alikuwa anaitia mwisho kabisa, baada ya kuchuja. Yangu iko Kolwezi, juu ya meza, karibu na kichujio, imefungwa barabara.

Nikasimama nikaitafute jikoni. Akanizuia.

"Ikala palepale, wewe. Utasahau na njia. Mi mwenyewe nitaenda."

Akashusha miguu. Akatafuta kandambili zake kwa vidole, akazipata. Akashika kitanda, akashika kiti, akashika ukuta, halafu hakushika kitu. Binti yake alisimama na sahani mkononi. Mimi nilimfuata nyuma mikono imenyooshwa, kama mtu anayefukuza kuku na anaomba asimkamate. Tukafika jikoni. Akafungua kabati, akashusha kikopo, akakitikisa.

Sukari ilikuwa imeisha.