Kiti Chenye Mto

Chumba cha nyuma ya sehemu ya kufulia,
Bweni la Wasichana.
Jumamosi, 14 Machi.

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Nisamehe, leo naanza na lililonikaba kooni kabla sijakujulia hali, maana nikichelewa nitalimeza tena: nataka kuacha kazi hii. Sijamwambia mtu yeyote. Sasa limetoka, naweza kukusalimu kama mtoto mwenye adabu.

Goti lako linaendeleaje? Bado linatabiri mvua? Mimi mwili ni mzima, ila nalala na kuamka nimechoka. Nyumbani kaka yako hajambo. Mama naye, kila anayepita mlangoni anatangaziwa kwamba binti yake yuko ofisi ya malezi ya wanafunzi.

Wewe umeifanya kazi hii mpaka ukastaafu, kwa hiyo hutanicheka nikikueleza ilivyoanza. Siku ya kupokea wanafunzi wapya nilikuwa sijapata sare. Nilisimama mlangoni mwa ukumbi nikisubiri kuelekezwa, mlinzi akanisukuma kwenye foleni: "Songa, binti, usizibe njia." Unanijua nilivyo. Badala ya kusema mimi ni mfanyakazi, nikasonga. Nikapewa shuka, nikapewa mto, nikaketi kusikiliza sheria za bweni ambazo mimi mwenyewe nilizibandika ukutani asubuhi ile.

Kando yangu alikaa msichana wa rika langu, amevaa viatu vipya vinavyombana. "Jirani," akaniita, "wewe umeletwa au umekuja mwenyewe?" Nikajibu nimekuja mwenyewe. Sikumdanganya, ila sikumsahihisha pia. Tangu hapo nikawa Jirani, na hata sare ilipofika niliivua kila nilipokwenda kuanika. Alikuwa akinifuata kwenye kamba za kuanikia shuka za bweni, akidhani nafanya kibarua kama wanafunzi wengine, akipiga soga huku akinisaidia kukunja shuka. Shangazi, sijawahi kuwa na rafiki aliyenitafuta yeye kwanza.

Wiki hii akaacha kwenda darasani. Akaacha na kula. Jumatano, tukiwa tumeshika shuka moja, yeye ncha zake na mimi zangu, alisema kwa sauti ya mtu anayezungumzia hali ya hewa kwamba akirudi kwao watamcheka, akibaki hapa atakwisha, basi bora apotelee asikojulikana. Nisimwambie mtu.

Nilizunguka na maneno yale mpaka nikahisi homa. Mwisho nikamwambia Matroni. Hakupoteza muda, akaniambia nivae sare nimwongoze hadi chumbani kwa msichana yule. Rafiki yangu alifungua mlango akitabasamu, maana aliniona uso kwanza. Kisha akaiona sare.

"Kumbe wewe ni wao," akasema.

Yupo salama. Mshauri nasaha anakaa naye asubuhi na jioni, na dada yake amekuja. Najua hilo ndilo kubwa. Lakini akinipita koridoni anageuza uso, na mimi najificha nyuma ya kapu langu kama mwizi. Hivi ndiyo kazi yenyewe, Shangazi? Kumpenda mtu mpaka akuamini, halafu umpeleke kwa wakubwa? Na ningekuwa jasiri siku ile ya foleni asingeniamini kabisa, pengine leo tusingejua yuko wapi. Hata hilo halinifariji. Naona giza tu.

Jana, ofisi ilipofungwa, niliitwa chumba cha kupigia pasi. Wana desturi yao pale kila Ijumaa. Watu wote wa malezi hukutana kwa chai, na kila mmoja husema wiki imemshinda wapi. Kushauri ni marufuku. Unasikilizwa, unapewa pole, basi. Aliyepigwa zaidi hukalia kiti chenye mto, wengine wanabanana kwenye mabenchi.

"Haya, leo nani kapigwa?" Matroni akauliza.

"Mimi," dereva akadakia. "Nimepigwa na pancha, nimepigwa na jua, na kufika hapa nakuta chai imebaki machicha."

"Wewe kila wiki unakitaka hicho kiti. Kaa benchi, Mzee Malalamiko!" Matroni akamjibu.

Wakacheka. Mimi nilikuwa nimejibanza nyuma ya rundo la shuka nikiomba nisionekane. Matroni akakipangusa kiti, akanitazama. Nilikaa. Machozi yakadondokea kikombeni. Hakuna aliyeuliza. Mshauri nasaha akasema pole, dereva akasema pole, mlinzi aliyenisukuma siku ile akasema pole mara mbili. Matroni akaniongezea chai.

"Karibu kwetu," akasema.

Hapo ndipo nilipokwisha kabisa. Ilikuwa habari ile ile aliyonipa rafiki yangu, kwamba mimi ni mmoja wa hawa. Yeye aliisema akinifungia mlango, hawa wakinipa kiti.

Bado nataka kuacha. Chai haikuniponya. Ila nilipofika chumbani nilijikuta nimeukumbatia ule mto wa kiti. Sijui niliuchukuaje, na sina uso wa kuurudisha peke yangu mbele ya Matroni. Itabidi Ijumaa ijayo niingie nao kimyakimya, kabla mtu mwingine aliyepigwa hajakalia ubao mtupu.

Niambie, wewe ulipofungiwa mlango, ulipata wapi mkono wa kubisha hodi tena?

Wasalimie binamu zangu, hasa Redio, betri zisimwishie. Mungu akulindie goti na moyo. Na tafadhali, Shangazi, la kuacha kazi asilijue Mama. La mto asilijue mtu yeyote.

Mwanao akupendaye,
Kinong'ono