Kwa Kandida, Uliyetukataza Kukata Uyoga

Leo, tarehe 14 Machi 1999, mwaka umetimia tangu ututoke, Mama Gladness, katikati ya zile mvua zisizojua kukoma. Tulikubeba mabegani hadi makaburini kwa sababu hakuna gari lililoweza kupita. Pembeni ya kaburi lako uyoga ulikuwa umeota, na wachimbaji walikuwa wameuzunguka bila kuukanyaga. Hapo tukajua somo lako limeingia.

Darasa la nne ndiyo elimu uliyopewa. Iliyobaki ulijipa mwenyewe. Ulitoka alfajiri na kikapu, kamwe si mfuko wa nailoni, ukisema uyoga ukitokwa jasho hauaminiki tena. Ukirudi, kabla hata ya chai, ulichukua daftari: umeota wapi, mwezi gani, unanukaje, unaitwaje kwa Kindamba na kwa Kipogoro. Wafanyakazi wa mashamba ya miwa kule Kidatu uliwauliza kwao unaitwaje, nao wakakupa majina ya Kisukuma. Aina sitini na moja ulizipanga kwa koo zake: wa vichuguuni, wa magogoni, wa majanini. Wapo waliocheka kwamba mwanamke mzima anachora uyoga. Hatuwataji. Wanajijua, na sisi tunawajua.

Uliweka kofia ya uyoga juu ya karatasi ya daftari, ukaifunika bakuli, ili vumbi la mbegu zake lidondoke ulione rangi. Aina moja haikuacha kitu, ukaandika "tasa". Siku nyingine ukaiweka kwenye kaniki yako nyeusi kwa kukosa karatasi, na ulipofunua ukakuta duara jeupe kama unga. Vumbi lilikuwepo siku zote. Jeupe juu ya jeupe halionekani. Ulifuta lile neno, na chini yake ukaandika: "Kosa ni langu, si la uyoga." Ukurasa huo tunao.

Halafu ikaja Aprili 1994. Watu wa nyumba ya Ngusa, mgeni wetu kutoka Usukumani, walikula uyoga, na watoto wake wawili wakatapika hadi wakapelekwa hospitali wakiwa wamelegea. Mungu aliwarudisha. Lakini kabla hawajarudi, serikali ya kijiji ilishaamua: uyoga wote marufuku, na vichuguu vyote ng'ambo ya reli visawazishwe kwa trekta. Tunakumbuka pia ni nani alikuwa anaitamani ardhi ile ya vichuguu alime mpunga, na alikuwa ameitamani tangu kabla mtoto yeyote hajatapika. Vichuguu vile vikivunjwa, mchwa wanakufa. Mchwa wakifa, ukoo mzima wa uyoga wako hauoti tena, maana mchwa ndio wanaoulima.

Mdogo wako Fridolin alitaka kwenda kutukana ofisini. Ukamwambia apunguze mdomo akatafute mabakuli.

Mkutano wa kijiji wa kupitisha uamuzi huo ulikuwa Jumamosi ya tarehe 16, kwenye banda la shule. Ulifika saa tatu asubuhi na vikapu viwili: kimoja umechuma vichuguuni, kingine kwenye majani ya kiwanja cha mpira, mahali Ngusa alipochuma. Kwa macho ulikuwa uyoga uleule. Uliweka kofia sita juu ya karatasi, ukafunika, ukaomba watu wasubiri.

Kufika saa sita Mwenyekiti wa kijiji alikuwa amechoka. "Mama Gladness, umeziatamisha hizo kofia? Tutarajie vifaranga?"

"Zikitotoa, Mwenyekiti," ulimjibu bila kuinua macho, "wewe ndiye utakayeonja wa kwanza."

Banda zima lilicheka, na waliotaka kuondoka wakabaki. Saa nane ukafunua. Wa vichuguuni uliacha vumbi la rangi ya waridi. Wa kiwanjani uliacha la kijani, kama ukungu wa mkate. Ndipo ukainua mmoja wa vichuguuni na mzizi wake, mrefu kama mkono wa mtoto, na mmoja wa kiwanjani usio na mzizi wowote, ukamwuliza Ngusa aliuchumaje wake.

Akasimama. "Shikamoo mama. Niliukata kwa kisu. Kwetu tunakata, tunauosha hukohuko, tunaleta nyumbani safi."

"Marahaba, mwanangu. Hukukosa adabu, ulikosa mwenyeji. Huku tunachomoa. Uyoga uliokatwa hauna wa kumuuliza ukoo wake."

Kisha ukaonya kwamba rangi peke yake isimdanganye mtu: kichuguu, mzizi na vumbi, vyote vitatu vikubaliane, na kimoja kikikataa, tupa. Kura ikapigwa. Trekta halikuja. Badala ya marufuku ikawekwa sheria yako: sokoni kwetu uyoga wa kichuguu hauuzwi bila mzizi.

Mwaka uliofuata alikuja mtaalamu kutoka chuoni akitaka sampuli. Ulimtembeza misimu miwili. Alipokuwa akiandika jina la Kilatini kwenye bahasha, ulimshika mkono. "Na jina lake la nyumbani utaliandika wapi?" Akaandika la Kindamba, na chini yake, "Mtambuzi: Kandida." Wangapi waliosoma wameandikwa hivyo? Wewe wa darasa la nne umeandikwa.

Mwaka huu mvua zilichelewa, lakini vichuguu vimesimama vyote, na wiki iliyopita uyoga uliota. Gladness aliongoza wasichana kuchuma. Waliacha uliozeeka umwage mbegu, kama ulivyoagiza, na mmoja wao ambaye hukuwahi kumfundisha alimgombeza mwenzake aliyetoa kisu.

Unakumbukwa na mumeo Wendelin, anayelitunza lile kabati la madaftari kuliko nguo zake. Wanao Gladness na Zakayo. Mdogo wako Fridolin, ambaye mdomo bado hajapunguza. Na Ngusa na wanawe wawili, si wa damu, lakini walikuja wenyewe kuomba majina yao yawemo. Tumeyaweka.

Mvua ije, isije, wewe hutoki mioyoni mwetu.