Karatasi ya Kufungia Viazi Karai

Jumamosi, 18 Oktoba 2025
Ruweida, mwana wa dadangu, amenipa mtihani. Ati Novemba mwezi mzima twaandika riwaya, mwezi ukiisha nayo imekwisha. Mimi! Niliyeishia darasa la nne! Akacheka. Ati, khala, mdomo huo ukiingia karatasini, watoka vitabu viwili. Lakini kwanza kuutia mkono moto — kila siku dakika kumi, kalamu isiinuke, usifute, usisome ulikotoka. Ukikosa neno andika "sina neno sina neno" mpaka lije. Haya!

Jumatatu, 20 Oktoba
Dakika kumi gani! Robo saa, mkono wakataa kusimama. Nilianza na paka wa mtaani kwetu Bondeni, mara niko kwa Kadzo, jirani yangu. Nikaandika yote. Kwamba Karisa, mumewe, hayuko Qatar kama watu wanavyoambiwa. Yuko Likoni, ng'ambo ya feri tu hapo, kaoa mwengine. Kadzo aliniambia mimi peke yangu, na mimi — mimi Mejumaa! — miaka miwili siri hiyo sijaitoa. Wallahi nimekuwa mwepesi kama niliyetua ndoo.

Jumatano, 22 Oktoba
Yarabi, nimekwisha. Wateja walijaa kwenye meza yangu ya viazi, karatasi za kufungia zikaisha. Nikavuta daftari kuukuu chini ya meza, chana, funga, chana, funga. Kumbe ndilo langu la kuandikia! Ukurasa wa Jumatatu haupo. Na wa mwisho kununua nani? Kadzo.

Alhamisi, 23 Oktoba
Kadzo hakupita. Dirisha kafunga. Miaka ishirini ya hodi! Sikuandika.

Ijumaa, 24 Oktoba
Amekuja! Nilikuwa namenya viazi, sikuthubutu kuinua uso. Akaweka karatasi mezani, imeroa mafuta na ukwaju.
"Mejumaa we, mdomo wako umeota mikono?"
Nikalia, nikamuomba radhi. Yeye — kicheko! Ati kaisoma mara tatu. Ati amechoka kumuweka Karisa Qatar, kila Krismasi kumbunia salamu. Alhamdulillahi! Nimepumua mpaka mbavu zauma.
"Ila hapo pa mke mwengine nilikudanganya hata wewe, shoga. Hebu shika kalamu."
Nimeshika. Ati nisiinue. Siinui. Yuasema Karisa hakumuacha. Begi alilifunga yeye Kadzo, akamsindikiza mwenyewe mpaka feri, akamwambia asirudi, kwa sababu — yuafuta macho kwa leso, mimi siinui, nalingoja neno lake — sina neno sina neno sina neno —